Kabla useme 'tutakutana kortini': Hii ndiyo kazi ya wakili wa kesi za madai

Umeishi Umoja miaka mitatu. Kodi umelipa kila mwezi, mara nyingine kwa tarehe, mara nyingine baada ya keateka kukugongea mlango mara mbili. Sasa umepata keja Donholm. Umetoa notisi, umepaka kuta rangi vile mlivyokubaliana, na unaitisha dipoziti yako. Landilodi anakwambia ungoje mwisho wa mwezi. Mwezi unaisha. Simu hashiki. Unamtumia ujumbe kwa WhatsApp, tiki zinageuka samawati, kimya.

Hapo ndipo wengi wetu hutoa ule msemo wa mtaani: "Basi tutakutana kortini." Halafu hatuendi. Tunahesabu hasara, tunakopa dipoziti ya nyumba mpya, maisha yanasonga. Landilodi naye anajua hatutaenda, na ndiyo maana hashiki simu.

Makala haya ni ya kukueleza nini kingetokea kama ungeenda kweli, na ni nani angekusimamia. Anaitwa wakili wa kesi za madai. Si yule wa kwenye sinema anayepiga meza na kumfanya shahidi alie. Kazi yake ni ya kimya zaidi, na kwa kijana wa Eastlands huenda ni ya maana zaidi.

Korti unayoijua na korti usiyoijua

Ukikulia Kayole, Dandora au Kariobangi, neno "korti" lina picha moja kichwani. Ni asubuhi, ni karandinga, ni Makadara. Ni mtu amebebwa Ijumaa usiku na mathee anatafuta pesa za bondi Jumatatu. Kortini ni mahali unapopelekwa. Hakuna mtu huenda mwenyewe.

Hiyo ni kesi ya jinai. Anayekushtaki ni serikali, na ukipatikana na hatia unafungwa au unatozwa faini. Ushahidi lazima uwe mzito hivi kwamba hakuna shaka ya maana iliyobaki.

Kesi ya madai ni kitu kingine kabisa. Hapa ni mtu dhidi ya mtu, au mtu dhidi ya kampuni, kanisa, chama, kaunti au serikali yenyewe. Hakuna OB, hakuna afisa wa upelelezi, hakuna mwendeshaji mashtaka. Ukinyamaza, hakuna atakayekufuatia jambo lako. Mdai ndiye huanzisha kesi, ndiye huleta ushahidi, na ndiye hubeba mzigo wa kuonyesha kwamba simulizi yake ina uwezekano mkubwa wa kuwa kweli kuliko ya mdaiwa. Mizani ikiinama upande wako hata kidogo, umeshinda. Na ukishinda, mara nyingi unachopata ni pesa, au amri ya kumzuia mtu kufanya jambo, au ya kumlazimisha alifanye.

Sasa angalia maisha yako ya kila siku. Dipoziti. Pikipiki iliyogongwa na gari la mtu kwa Outering. Kampuni uliyoifanyia kazi ya kupiga picha na haijakulipa. Ajali ya matatu Jogoo Road. Duka lako la simu ambalo mwenye jengo amelifunga kwa kufuli lake usiku. Kiwanja cha familia ambacho hati zake ziko kwa jina la ami. Hakuna hata moja kati ya hayo inayoanzia kwa seli, na yote ni kazi ya wakili wa madai.

Siku ya kazi haifanani na TV

Hebu tumfuate wakili wa aina hii kwa siku moja ya kawaida.

Asubuhi anaangalia orodha ya kesi. Tangu Julai 1, 2020, wakati mfumo wa kuwasilisha kesi kwa intaneti ulipoanza kutumika katika mahakama za Nairobi, stakabadhi nyingi hupakiwa kwa kompyuta na ada hulipwa kwa simu. Vikao vingi vya kutajwa kwa kesi hufanyika kwa video. Kwa hiyo wakili anaweza kuwa ameketi afisini akiwa na koti na tai, anangoja nambari yake iitwe, na zamu yake ikichukua dakika tatu ameshukuru. Upande wa pili haujaleta majibu? Tarehe nyingine. Hakimu yuko likizoni? Tarehe nyingine.

Kutoka hapo hadi jioni ni kuandika. Barua ya madai, hati ya madai, hati ya kiapo, taarifa za mashahidi, hoja za mwisho. Wakili mzuri wa madai kwanza ni mwandishi mzuri, kwa sababu hakimu atakutana na makaratasi yako kabla hajakutana na uso wako. Wale wanaosomea sheria wakidhani ni kazi ya mdomo tu hushtuka mwaka wa kwanza.

Na kuna sehemu ambayo haionekani kabisa: kumwambia mteja ukweli. Mteja amekuja na hasira, anataka "kumfunza adabu" rafiki aliyekopa 15,000. Wakili lazima amuulize: Kuna maandishi? Kuna ujumbe wa M-Pesa? Huyo rafiki ana kitu cha kulipa nacho, au utashinda kesi uchukue karatasi uende nayo nyumbani? Mara nyingi ushauri bora ni barua moja ya madai yenye muda wa kulipa, kisha mazungumzo. Barua hiyo pekee huwaamsha watu wengi ambao tiki za samawati hazikuwaamsha.

Kesi zikifika kortini, si zote huishia kwa hukumu. Nyingine hupelekwa kwa upatanisho unaosimamiwa na mahakama, ambapo pande mbili hukaa na mpatanishi na kujaribu kukubaliana. Wakili anayejua wakati wa kupigana na wakati wa kuketi chini humwokolea mteja wake miaka.

Kalenda ndiyo bosi

Kama kuna jambo moja la kubeba kutoka makala haya, libebe hili: madai yana tarehe ya kuisha, kama maziwa ya pakiti.

Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda wa Kesi, madai yanayotokana na mkataba yana miaka 6. Madai ya kuumizwa kwa uzembe wa mtu, kama ajali ya barabarani, yana miaka 3. Kuharibiwa jina una mwaka 1 pekee. Kudai kurudishiwa ardhi ni miaka 12. Mzozo wa kazi chini ya Sheria ya Ajira, kama kufutwa bila utaratibu, ni miaka 3. Na ukitaka kushtaki serikali kwa uzembe, muda unapungua hadi miezi 12. Kwa mkataba ni miaka 3.

Siku hizo zikipita, upande wa pili hauhitaji hata kubishana kama ulikosewa. Unasema tu "muda umeisha", na mara nyingi kesi inakufa hapo hapo. Mahakama inaweza kuongeza muda katika hali chache sana, na kwa madai ya mkataba mlango huo ni mgumu kabisa kufunguka.

Chukua mfano wa ajali ya matatu. Umevunjika mguu, umelala hospitalini wiki mbili, umerudi mtaani na magongo. Mwenye gari amekuja na matunda na ahadi: "Tutaongea, usiende mbali." Mwaka wa kwanza anakutumia kitu kidogo. Mwaka wa pili anapunguza. Mwaka wa tatu simu inaita tu. Ukija kwa wakili mwaka wa nne, anachoweza kukupa ni pole.

Ndiyo maana wakili wa ajali huanza na makaratasi mara moja: abstrakti ya polisi, rekodi za matibabu, stakabadhi za pesa ulizotumia, na utafutaji wa jina la mwenye gari kwenye rekodi za NTSA. Kisha kuna bima. Sheria ya bima ya magari kwa watu wengine, Sura ya 405, inataka kampuni ya bima ijulishwe kuhusu kesi kabla haijaanzishwa au ndani ya siku 30 baada ya kuanzishwa. Na hata ukishinda, kiwango cha juu ambacho kampuni hiyo inalazimishwa na sheria kumlipa mtu mmoja ni Sh3 milioni. Kinachozidi hapo unamdai mwenye gari mwenyewe. Wakili asiyejua hesabu hizo anaweza kukuharibia kesi ambayo ilikuwa yako.

Korti ya watu wa kawaida

Kwa muda mrefu sababu ya kutokwenda kortini ilikuwa ya maana. Nani ataajiri wakili kufuatilia Sh40,000 kwa miaka minne?

Hilo lilibadilika Aprili 26, 2021, wakati Mahakama ya Madai Madogo ilipofunguliwa Milimani, chini ya sheria iliyopitishwa mwaka 2016. Baadaye zimefunguliwa nyingine sehemu mbalimbali nchini. Mahakama hii husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ilipowasilishwa. Anayesikiliza huitwa mwamuzi, na lazima awe wakili mwenye uzoefu wa angalau miaka 3.

Unaweza kupeleka nini huko? Deni la bidhaa au huduma. Pesa zako zilizo mikononi mwa mtu mwingine, na hapa ndipo suala la dipoziti linaweza kuingia. Mali yako iliyoharibiwa. Fidia ya kuumia. Huwezi kupeleka mzozo wa umiliki wa ardhi, wala wa kazi, wala wa kuharibiwa jina. Hiyo ina milango yake: ardhi huenda kwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi au kwa hakimu aliyepewa mamlaka hayo, kazi kwa Mahakama ya Uajiri na Leba au hakimu aliyeteuliwa.

Jambo kubwa ni hili: hapo unaweza kujisimamia mwenyewe. Mwamuzi hafungwi na sheria kali za ushahidi kama mahakama nyingine. Na si lazima uwe na Kiingereza cha redio. Hata katika mahakama za mahakimu, Sheria ya Taratibu za Kesi za Madai inatambua Kiswahili pamoja na Kiingereza kuwa lugha za korti. Ukiulizwa swali, jibu kwa lugha unayoota nayo usiku.

Na ukiwa na biashara, jua mlango mwingine. Duka, kibanda cha chakula, kinyozi: kama huna mkataba ulioandikwa, au ulioandikwa ni wa chini ya miaka 5, kwa kawaida unalindwa na Sura ya 301. Mwenye jengo hawezi kuamka tu akakutoa au akapandisha kodi. Lazima akupe notisi ya fomu maalumu, isiyopungua miezi miwili, na wewe una haki ya kuipinga mbele ya Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara. Kufuli la usiku si notisi. Lakini usiketi juu ya hiyo notisi ukingoja miujiza. Pingamizi lako lazima lifike kabla ya siku ya notisi kuanza kufanya kazi.

Muthurwa: wakati mtaa mzima ulienda kortini

Usidhani kesi za madai ni za deni na dipoziti tu. Wakati mwingine ni mtaa mzima umeshika karatasi moja.

Unaijua Muthurwa kwa soko na steji. Nyuma ya soko kulikuwa na mtaa wa zamani wa wafanyakazi wa reli. Nyumba hizo ziliishia mikononi mwa hazina ya pensheni ya wafanyakazi wa Shirika la Reli, ambayo ilitaka kuondoa wapangaji na kuendeleza ardhi hiyo. Mwaka 2010 watu walipewa notisi, kisha ubomoaji ukaanza. Wakazi hawakurusha mawe pekee. Walienda Mahakama Kuu wakafungua Ombi Nambari 65 la 2010.

Angalia kazi ya wakili ilivyo hapo. Kitu cha kwanza hakikuwa hotuba kuhusu haki. Kilikuwa ombi la dharura la kusimamisha ubomoaji wakati kesi inaendelea, kwa sababu kushinda kesi baada ya nyumba kuwa vifusi hakusaidii mtu. Mwezi Februari 2011 mahakama ilitoa amri ya muda ya kuwalinda. Hukumu yenyewe ilitolewa Agosti 30, 2013 na Jaji Isaac Lenaola, ambaye sasa yuko Mahakama ya Juu. Alikubali kwamba haki za wakazi chini ya Katiba, ikiwemo haki ya makao chini ya Kifungu cha 43, zilikuwa zimekiukwa kwa namna walivyokuwa wakiondolewa.

Sasa sikiliza sehemu ambayo wengi huiruka. Wakazi hawakupewa ule mtaa. Ardhi ilibaki ya hazina. Walichoshinda ni kwamba hakuna mtu anayefaa kuondolewa kama takataka: pande zikae chini zipange namna ya kuondoka kwa utaratibu, na serikali ieleze sera yake kuhusu kufurusha watu. Mwaka 2016 Bunge lilibadilisha sheria za ardhi na kuandika utaratibu wa kufurusha watu, ikiwemo notisi ya maandishi ya angalau miezi 3.

Ni ushindi au si ushindi? Muulize mtu aliyepata muda wa kuhamisha watoto muhula ukiisha badala ya kuwatoa usiku kwenye matope. Lakini pia muulize mtu wa Mukuru kwa Njenga aliyebomolewa mwaka 2021, wakati sheria hiyo ilikuwa tayari kwenye vitabu. Sheria iliyoandikwa haisimamishi tingatinga. Inahitaji mtu wa kuikimbiza kortini asubuhi hiyo hiyo.

Na kesi za namna hii ni ndefu. Kule Mombasa, wakazi wa Owino Uhuru walioathiriwa na sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri walifungua kesi mwaka 2016. Walishinda Sh1.3 bilioni mwaka 2020, tuzo hiyo ikaondolewa na Mahakama ya Rufaa mwaka 2023, kisha Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza kesi ikianza alikuwa tayari ameingia sekondari hukumu ya mwisho ikitolewa. Wakili wa madai lazima awe na pumzi ya masafa marefu, na mteja pia.

Jambo moja la kukutia moyo: kesi ya kudai haki za Katiba chini ya Kifungu cha 22 haitozwi ada ya kuifungua. Na mtu anaweza kuifungua kwa niaba ya kundi.

Je, ukishtakiwa wewe?

Tumeongea kana kwamba wewe ndiye mdai kila mara. Siku nyingine utakuwa mdaiwa. Mtu aliyeidhinishwa na korti atakuletea samansi, au utaipata kwa simu au barua pepe. Kosa kubwa mtaani ni kuitupa au kumwambia keateka "sema sipo".

Samansi ina siku zilizoandikwa za kujibu. Zikipita bila jibu, mdai anaomba hukumu itolewe bila wewe, na anaipata. Unakuja kugundua siku ile dalali wa korti amesimama mlangoni na pikapu. Wakili anaweza kuomba hukumu hiyo iondolewe ikiwa una sababu nzuri na utetezi wa maana, lakini sasa unalipia kazi ambayo jibu la kurasa mbili lingezuia.

Hata dalali akifika, ana mipaka. Sheria inakataza kuchukuliwa kwa nguo unazohitaji, vyombo vya kupikia, kitanda na malazi, pamoja na vifaa vya kazi unavyotegemea kwa riziki yako. Mashine ya kinyozi na cherehani ya fundi hazifai kuingia kwa hiyo pikapu. Na ndiyo, kuna jela ya madai kwa mtu mwenye uwezo wa kulipa anayekataa kimakusudi. Haizidi miezi 6, na lazima kwanza usikilizwe.

Pesa, na wale watu wa hospitalini

Wakili hula nini? Anatoza ada kwa kufuata viwango vya chini vilivyowekwa na sheria. Mshindi kwa kawaida hulipwa gharama za kesi na aliyeshindwa, ingawa mara nyingi hazifikii kila shilingi aliyotumia.

Kuna jambo la kuangalia sana. Baada ya ajali, mara nyingi hutokea mtu kitandani mwa mgonjwa, au matangani, na fomu ya kutia sahihi. Anasema: "Hulipi kitu. Tukishinda tunagawana." Nchini Kenya, makubaliano ya wakili kulipwa tu akishinda kesi hayatambuliwi na Sheria ya Mawakili. Na wakili kutumia makuadi wa kutafuta wateja ni kosa. Huyo wa fomu si rafiki yako. Familia nyingi hugundua fidia ililipwa kitambo, ikapita mikono mitatu, zikabaki za maziwa.

Kwa hivyo, kabla ya kutia sahihi popote, tafuta jina la wakili kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili nchini, LSK, uone kama ana cheti cha kuhudumu cha mwaka huu. Cheti hicho huchukuliwa upya kila mwaka. Itisha makubaliano ya ada kwa maandishi. Itisha risiti. Na ujue pesa za mteja hazifai kuchanganywa na za afisi. Zina akaunti yake.

Huna pesa kabisa? Kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa chini ya sheria ya 2016. Kuna FIDA, inayowasaidia wanawake tangu 1985. Na kuna Kituo cha Sheria, kilichoanza mwaka 1973, ambacho makao yake yako Ole Odume Road, unapotoka Argwings Kodhek Road. Jina la barabara hiyo si la bure: Chiedo Argwings-Kodhek alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa wakili hapa Kenya, akawatetea washukiwa wa Mau Mau wakati ambapo kufanya hivyo kulikuwa kujitafutia matata.

Unataka kuifanya kazi hii?

Njia yake ni ndefu lakini inaeleweka. Njia ya moja kwa moja kutoka KCSE ni wastani wa C+ na angalau B katika Kiingereza au Kiswahili. Rudia hapo: au Kiswahili. Kisha shahada ya sheria, miaka 4. Baada yake ni Kenya School of Law kule Karen, ambako kuna mitihani ya masomo 9, mojawapo likiwa Kesi za Madai lenyewe. Kisha miezi 6 ya uanagenzi chini ya wakili mwenye uzoefu. Ukimaliza unakubaliwa rasmi mbele ya Jaji Mkuu na jina lako linaingia kwenye orodha ya mawakili.

Hesabu ni zaidi ya miaka 5, na karo ya Karen huwalemea wengi kiasi kwamba baadhi hupumzika mwaka mmoja au miwili wakitafuta pesa. HELB huwa na mkopo wa shule hiyo, ulizia mapema. Uanagenzi nao afisi nyingine hulipa nauli tu, nyingine hazilipi. Miaka ya kwanza baada ya kukubaliwa si ya gari kubwa. Ni ya kubeba faili za watu wengine na kujifunza kupoteza kesi bila kupoteza mteja.

Lakini mtaa una kitu ambacho chuo hakifundishi. Aliyekulia Bahati au Pipeline anajua chama huwekwaje kwa kitabu cha mkono, anajua "tumeongea na mzee" humaanisha mkataba, anajua kwa nini shahidi anaogopa kutaja jina la mwenye ploti. Wakili asiyejua hayo huuliza maswali yasiyofaa na kukosa ushahidi uliokuwa mbele ya macho yake.

Na si lazima uwe wakili ndipo usaidie. Sheria ya msaada wa kisheria inawatambua wasaidizi wa kisheria walioidhinishwa, watu wa mtaani wanaofunzwa kueleza majirani haki zao, kuwasaidia kujaza fomu na kuwaelekeza. Eastlands inawahitaji kuliko inavyohitaji wanaharakati wa tiki ya samawati.

Kwa leo, anza na simu yako. Hifadhi kila ujumbe wa M-Pesa wa kodi, na uwe unaandika sababu ya malipo. Piga picha nyumba siku unapoingia na siku unapotoka. Makubaliano ya mdomo yafuate na ujumbe mmoja mfupi: "Vile tumeongea leo, utanilipa 12,000 tarehe 5." Usifute mazungumzo, wala usiuze simu kabla ya kuyahamisha, katika mahakama nyingi skrinshoti huhitaji kuambatana na cheti kinachoeleza ilitoka kwa kifaa gani na ilitolewaje, na hilo ni rahisi zaidi kifaa kikiwa bado mkononi. Andika tarehe ya jambo lilipotokea mahali hutasahau, na kando yake andika tarehe ambayo muda wako utaisha.

Ukifanya hayo, siku ukimwambia mtu mtakutana kortini, atashika simu.